Kuinama na Kuinuka: Maana na Matumizi ya Neno la Kiingereza "Stoop"

Utangulizi

Wanafunzi wetu wa theolojia husoma vitabu vingi vya Kiingereza, na siku ya Jumapili huhubiri kwa Kiswahili. Kati ya meza ya kusomea na mimbari upo mto ambao kila mmoja wao hana budi kuuvuka, nao ni mto wa tafsiri. Mara nyingi huuvuka salama. Lakini mara nyingine neno moja dogo, ambalo lilionekana jepesi katika kamusi, huleta madhara ambayo mhubiri hakuyakusudia. Katika makala haya tunataka kulichunguza neno moja la namna hiyo, yaani neno la Kiingereza "stoop", ambalo kwa maana yake ya kwanza ni kuinama.

Jambo lililotusukuma kuandika lilitokea katika usharika mmoja wa kijijini, ambako tulikwenda kumsikiliza mwanafunzi wetu akihubiri katika majira ya Kwaresima. Alikuwa ameandaa mahubiri yake kwa bidii, akitumia kitabu cha ufafanuzi cha Kiingereza. Kitabu hicho kilitumia neno "stoop" kueleza jinsi Mungu alivyotushukia katika Kristo. Mwanafunzi alilitafsiri kwa njia mbili. Kwanza alisema kwamba Mungu amejidhili. Kisha, alipofika mahali pa kuwaonya washarika, alisema kwamba kwa kuwa Mungu ameinama, basi kila mtu na ainame nyumbani mwake, hasa akina mama mbele ya waume zao, hata wanapotendewa vibaya.

Baada ya ibada watu wawili walitujia. Wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa. Aliuliza, "Mchungaji, kujidhili si kujivunjia heshima? Inakuwaje tuseme hivyo juu ya Mungu?" Wa pili alikuwa mama mmoja wa makamo, ambaye alingoja mpaka wengine wote wameondoka. Alisema, "Baba Mchungaji, mimi nimeinama miaka mingi. Leo nimeambiwa niiname zaidi. Sijui kama ndivyo Bwana asemavyo."

Maswali hayo mawili yametoka katika neno moja. Hatukuwa na jibu la kutosha la kuwapa pale uwanjani. Tena ni lazima tukiri kwamba kosa halikuwa la mwanafunzi peke yake. Sisi tuliomfundisha hatukuwa tumemwonyesha kwamba neno hilo lina pande mbili. Haya yafuatayo ni maelezo ambayo tulipaswa kuyatoa mapema.

1. Asili ya neno na maana zake

Neno "stoop" ni la zamani sana katika lugha ya Kiingereza. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuingia Uingereza mwaka 1066, lilitamkwa "stupian", nalo lilikuwa na maana ya kuinamisha mwili mbele na chini. Maana hiyo haijapotea hata leo. Mtu mrefu anayepita katika mlango mfupi, mama anayeokota kuni, fundi anayechungulia chini ya gari, wote hufanya tendo linaloitwa kwa neno hilo.

Kutoka katika maana hiyo ya mwili zimezaliwa nyingine. Kwanza, neno hilo hutumika kwa mgongo ambao hauwezi tena kunyooka kwa sababu ya uzee, ugonjwa au kazi nzito. Hapo si tendo la mara moja bali ni hali ya kudumu. Sisi husema mtu ana kibyongo au amepindana. Pili, hutumika kwa mtu anayeshuka kutoka katika cheo chake ili kuwafikia walio chini. Tatu, hutumika kwa mtu anayejishusha kutenda jambo la aibu, kama kusema uongo au kuiba. Mwingereza anaposema kwamba fulani ameinama kiasi hicho, mara nyingi anamlaumu. Nne, hutumika kwa ndege wawindaji. Kipanga aina ya "peregrine" anapojitupa kutoka juu kumkamata ndege mwingine, tendo hilo huitwa "stoop", na mwendo wake umepimwa kuwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa.

Msomaji wa vitabu vya Marekani aangalie jambo moja zaidi. Huko neno lenye herufi hizo hizo humaanisha pia ngazi fupi na kibaraza mbele ya mlango wa nyumba, hasa katika mji wa New York. Hilo ni neno jingine kabisa. Lilitoka kwa Waholanzi, ambao waliutawala mji huo katika karne ya 17, nao waliliita jambo hilo "stoep". Halihusiani na kuinama, ingawa ni kweli kwamba watu huketi hapo wakazungumza, kama wanavyofanya watu wa pwani yetu barazani.

Basi tukiziacha ngazi hizo pembeni, tunaona kwamba neno moja linabeba mzee aliyechoka, mkubwa mwenye huruma, mwongo, na ndege anayeua. Wote wanakwenda chini. Neno lenyewe halituambii kwa nini wanakwenda chini, wala kama watapanda tena.

2. Tofauti kati ya neno hili na jamaa zake

Kiingereza kina maneno mengine ya kushusha mwili, na mhubiri asiyachanganye. Neno "bow" ni kuinama kwa ajili ya kutoa heshima: mtu huinamisha kichwa au kiuno mbele ya mfalme, au mbele za Mungu katika sala. Neno "kneel" ni kupiga magoti. Neno "crouch" ni kuchutama, kama anayejificha au anayejiandaa kuruka.

Tofauti kubwa ni hii. Anayeinama kwa "bow" anamwelekea aliye juu yake. Anayeinama kwa "stoop" anakielekea kilicho chini yake. Wa kwanza anatoa heshima. Wa pili anafikia kitu ambacho asingekifikia akisimama wima. Kwa hiyo tendo la pili, kwa asili yake, si tendo la ibada wala la utii. Ni tendo la kufikia.

Sisi tunayo mila ya kwanza kwa wingi. Salamu yetu ya shikamoo, kama inavyoelezwa na wengi, imetokana na maneno ya kushika miguu ya mkubwa. Mwili umesimama, lakini neno limeinama. Katika makabila yetu kadhaa binti bado hupiga goti anapowasalimu wazazi. Kwa sababu hiyo masikio ya washarika wetu, yanaposikia neno kuinama, hulielekeza upesi kwenye heshima ambayo mdogo humpa mkubwa. Kumbe mwandishi wa Kiingereza alikuwa anazungumza juu ya mkubwa anayemfikia mdogo. Hapo ndipo mahubiri ya mwanafunzi wetu yalipogeuka. Alianza na Mungu anayewashukia walio chini, akamaliza na walio chini wakiamriwa kushuka zaidi. Neno lilikuwa moja, lakini mwelekeo wake ulikuwa umegeuzwa.

Hata hivyo lugha yetu inaijua pia maana ya kufikia. Wahenga walisema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Hakuna heshima inayotolewa kwa mvungu wa kitanda. Anayeinama hapo anainama kwa sababu kitu anachokitaka kiko chini, na hakuna njia nyingine ya kukipata. Methali hii iko karibu na maana ya "stoop" kuliko salamu zetu zote, nasi tutairudia.

3. Heshima na aibu katika neno moja

Mwaka 1773 mjini London ilichezwa kwa mara ya kwanza tamthilia ya vichekesho ya Oliver Goldsmith yenye jina "She Stoops to Conquer", yaani mwanamke anainama ili ashinde. Ndani yake yumo kijana wa tabaka la juu ambaye huona haya kupita kiasi mbele ya wanawake wa tabaka lake, lakini mbele ya watumishi ulimi wake ni mwepesi. Binti mwenye nyumba, Kate Hardcastle, anajifanya mtumishi ili apate kumjua kijana huyo na kuupata moyo wake. Hapa kuinama ni werevu. Binti hakupoteza heshima. Alijua atasimama tena, na watazamaji walijua pia. Ni mvungu ule ule wa methali yetu: aliinama, akapata alichokitaka, akainuka nacho.

Lakini kuna neno jirani ambalo halikuwa na bahati hiyo, yaani "condescend". Kwa asili ya Kilatini ni kushuka pamoja na mwingine. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walilitumia kwa maana njema katika Warumi 12:16, ambapo Mtume anawaonya Wakristo wasinie makuu bali washikamane na walio wanyonge. Wakati huo lilikuwa sifa ya mkubwa asiyejivuna. Leo ukimwambia Mwingereza kwamba yeye ni mtu wa namna hiyo, umemtukana: unasema anawatendea wenzake kama watoto. Katika riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813, "Pride and Prejudice", kasisi Collins anamsifu bila kukoma bibi tajiri aliyempa kazi kwa jinsi anavyojishusha, na msomaji anacheka, kwa maana bibi huyo anashuka ili watu waone jinsi alivyo juu.

Neno hili lilichakaa kwa sababu ya waliolitenda. Mkubwa alishuka, akatazamwa akishuka, akapanda tena peke yake, na yule wa chini akabaki pale pale alipokuwa. Yakirudiwa hayo mara nyingi, watu huacha kuliamini neno. Tunasema haya kwa sababu neno letu kujishusha linaweza kupatwa na mambo yayo hayo. Kila mara kiongozi, awe wa serikali au wa kanisa, anapokwenda kwa maskini ili apigwe picha tu, neno hilo linapungua thamani kidogo.

4. Mgongo usioinama kwa hiari

Upo upande mwingine wa neno ambao vitabu vya theolojia huusahau. Nchini Marekani kazi ya shamba inayomlazimu mtu kuinama mchana kutwa huitwa "stoop labor". Katika jimbo la California, kwenye mashamba ya saladi na viazisukari, vibarua, wengi wao wenye asili ya Mexico, walipewa jembe la mpini mfupi sana ambalo lilimlazimu mtu kukunja mgongo muda wote wa kazi. Wenye mashamba walisema kwamba jembe hilo linafanya palizi iwe ya uangalifu zaidi. Lakini vibarua walijua faida nyingine ya jembe hilo kwa mnyapara: akitupa macho shambani, yeyote aliyesimama wima alionekana mara moja kwamba amepumzika. Wengi waliumia uti wa mgongo kwa maisha yao yote. Kesi ilipelekwa mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, na mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku.

Tutafakari hapo. Katika shamba lile kunyoosha mgongo kulikuwa kosa. Watu wale hawakuwa wanyenyekevu zaidi ya wenye shamba, walikuwa wameinamishwa. Lugha yetu inaitenganisha hali hii vizuri kuliko Kiingereza. Kuinama ni tendo la mwenyewe. Kuinamisha ni kumfanya mwingine ainame. Kuinamishwa ni kutendewa hivyo. Mfasiri wa Biblia yetu ya Union alilijua hili, kwa maana katika Mithali 12:25, panapozungumzwa uzito wa moyo, alitumia kitenzi kuinamisha: moyo haukuinama wenyewe, uzito ndio uliouinamisha. Biblia ya Kiingereza ya 1611 imetumia "stoop" hapo, kama ilivyolitumia kwa Yesu aliyeandika chini kwa kidole. Anayesoma Kiingereza peke yake anaweza kudhani kwamba ni jambo moja.

5. Neno hili katika Agano Jipya

Katika Agano Jipya neno "stoop" la Biblia ya 1611 limesimama mahali pa kitenzi cha Kiyunani "kupto" na jamaa zake. Tutaje sehemu zilizo muhimu.

Katika Marko 1:7 Yohana Mbatizaji anasema kwamba hastahili kuinama na kulegeza gidamu ya viatu vya yule ajaye nyuma yake. Wainjilisti wote wanne wanasimulia habari ya viatu hivyo, lakini ni Marko peke yake aliyelitaja tendo la kuinama. Kwa Yohana hata kufika chini kwenye miguu ya Kristo ni heshima iliyomzidi.

Katika Yohana 20 mwanafunzi yule mwingine, na baadaye Mariamu, wanainama kuchungulia kaburini. Kiyunani hutumia hapo "parakupto", yaani kuinama kando ya kitu ili kukitazama. Neno hilo hilo liko katika 1 Petro 1:12, ambapo malaika wanatamani kuyachungulia mambo ya wokovu. Kaburi lilikuwa chini; asiyeinama asingejua kwamba ni tupu.

Katika Yohana 8 Yesu anainama mara mbili na kuandika katika nchi, huku walimu wa sheria wakiwa wamemweka mwanamke katikati. Tunajua kwamba kisa hiki hakimo katika nakala za kale zaidi za Injili hiyo, lakini kanisa limekipokea na kukisoma. Tuangalie mwendo wake. Yesu anainama, anajiinua na kuwaambia washtaki neno moja, anainama tena, nao wanaondoka mmoja mmoja, kisha anajiinua na kusema na mwanamke. Katika dakika zile ambazo mwanamke alikuwa katika aibu kuu, aliyekuwa chini kuliko wote mahali pale alikuwa Bwana. Wala hakumwambia mwanamke ainame. Mwisho wa kisa mwanamke amesimama, naye anaambiwa aende zake asitende dhambi tena.

Kiyunani kinaonyesha hapa jambo ambalo Kiingereza hakiwezi kulionyesha. Kuinama ni "kupto", na kujiinua ni "anakupto", neno lile lile likiongezewa sehemu ndogo yenye maana ya juu. Kwa Kiingereza kuinama ni neno moja na kuinuka ni neno jingine lisilo na udugu nalo. Lakini Kiswahili kimejaliwa kama Kiyunani! Kuinama, kuinua na kuinuka yote yamechipuka katika shina moja. Ni kama kufunika na kufunua: tendo na kinyume chake ni ndugu. Hivyo mhubiri wa Kiswahili anaposema kuinama, tayari neno kuinuka limo mlangoni likingoja kuitwa.

Sasa tufike Luka 13. Siku ya sabato, katika sinagogi, yumo mwanamke aliyepindana kwa miaka 18. Luka anasema hakuweza kabisa kujiinua, na neno lake ni lile lile "anakupto". Mwanamke huyu angekuwa mfano mzuri wa unyenyekevu kwa mhubiri asiye mwangalifu: yuko ibadani, kichwa kimeinama, hasemi neno. Yesu hakumsifu kwa mgongo wake. Alimwita, akamwekea mikono, naye akanyoka mara hiyo. Mkuu wa sinagogi alipokasirika, Bwana alimjibu kwa mfano wa ng'ombe na punda ambao hufunguliwa siku ya sabato wakanyweshwe maji, akasema kwamba huyu ni binti wa Ibrahimu aliyefungwa na Shetani. Basi mgongo ule haukuwa adabu. Ulikuwa kifungo.

Na katika Luka 21:28, Bwana anapowaeleza wanafunzi wake juu ya siku za mwisho, anawaagiza wachangamke na kuviinua vichwa vyao. Kiyunani kimetumia hapo tena "anakupto". Ukombozi unapokaribia, Wakristo wanaagizwa kunyoosha migongo.

Tuongeze onyo moja. Wahubiri wengi wa Kiingereza hutumia "stoop" wanapoeleza Yesu akiwaosha wanafunzi miguu katika Yohana 13. Picha ni sahihi, lakini neno lenyewe halimo katika sura hiyo. Vivyo hivyo katika Wafilipi 2 neno ni kujinyenyekeza, wala si kuinama. Ni halali kutumia picha. Si halali kusema kwamba Maandiko yametumia neno ambalo hayakulitumia.

6. Je, Mungu huinama?

Katika Zaburi 113 mwimbaji anauliza ni nani aliye mfano wa Bwana, akaaye juu, naye hujishusha atazame mbinguni na duniani. Tafsiri ya Kiingereza iitwayo NIV imetumia "stoop" katika mstari wa 6. Biblia yetu ya Union imetumia kunyenyekea. Mistari inayofuata inaeleza kusudi lake: kumwinua mnyonge kutoka mavumbini na kumketisha pamoja na wakuu. Katika Zaburi 18:35 Daudi anasema kwamba unyenyekevu wa Mungu ndio uliomkuza. NIV ya mwaka 1984 ilitumia "stoop" hapo pia. Toleo la mwaka 2011 liliacha neno hilo likasema msaada. Hata wafasiri wakubwa, basi, wamesitasita mbele ya neno hili.

Kinyume chake ni Isaya 46. Beli na Nebo, miungu ya Babeli, wanaanguka na kuinama. Sanamu zao zimepakiwa juu ya wanyama waliochoka, wala haziwezi kuuokoa mzigo. Ndipo Bwana anawakumbusha Israeli kwamba yeye amewachukua tangu tumboni, naye atawachukua hata uzeeni. Sanamu zimeinama kwa sababu zimeshindwa. Mungu hujishusha kwa sababu anabeba.

Mababa wa kanisa walilifikiri jambo hili. Yohana Krisostomo, aliyefariki mwaka 407, alipenda neno la Kiyunani "sunkatabasis", yaani kushuka pamoja: Mungu husema nasi kwa kadiri ya udhaifu wetu. Naye Martin Luther, katika ufafanuzi wake wa Wimbo wa Mariamu wa mwaka 1521, ambao alimwandikia Johann Friedrich, kijana wa ukoo wa watawala wa Saxony, alifundisha kwamba Mungu hana wa kumtazama juu yake wala kando yake, kwa kuwa hakuna aliye sawa naye. Kwa hiyo humtazama aliye chini. Wanadamu hufanya kinyume: hutazama juu, na aliye chini humgeuzia kisogo.

Katika ufafanuzi huo huo Luther alibishana juu ya neno moja. Wengi waliisoma Luka 1:48 kana kwamba Mariamu anasifu fadhila yake ya unyenyekevu. Luther alikataa. Alisema Mariamu anataja hali yake duni, wala hajivunii wema wowote; la kusifiwa ni kwamba Mungu ametazama. Biblia yetu inakubaliana naye, kwa kuwa imeandika unyonge wa mjakazi. Unyonge si fadhila ya kuhubiriwa ili watu waongeze. Ni mahali ambapo Mungu hufika.

Sasa tunaweza kumjibu yule mzee wa kanisa. Mungu hajajidhili, ikiwa kujidhili ni kutenda jambo lisilomstahili. Alipoinama hakuacha kuwa Mungu. Hapo ndipo alipojulikana kuwa Mungu. Ni kweli kwamba wanadamu walimwaibisha Kristo msalabani, lakini aibu ilikuwa yao. Na methali yetu inapata hapa maana mpya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mara nyingi anayeinama anatafuta mali yake. Mungu naye aliona kitu mvunguni, katika vumbi na giza, akakitaka. Na kitu hicho ni sisi. Aliinama akakipata, wala hakuinuka peke yake.

7. Shauri kwa mhubiri

Kwa hiyo mhubiri anapokutana na neno "stoop" katika kitabu cha Kiingereza, tunamshauri ajiulize maswali manne kabla ya kufungua kamusi.

Kwanza, ni nani anayeinama, mkubwa au mdogo? Pili, ameinama kwa hiari au ameinamishwa? Tatu, anaelekea nini: anampa heshima aliye juu, anamfikia aliye chini, au anatenda jambo la aibu? Nne, je, atainuka, na atainuka na nani?

Majibu yatamwonyesha neno la kutumia. Kwa tendo la mwili lipo kuinama, na likiwa na kutazama, kuchungulia. Kwa Mungu na kwa Kristo yapo kujishusha, kushuka na kujinyenyekeza. Kwa mgongo usionyooka lipo kupindana. Kwa aliyelemewa na mzigo au dhuluma lipo kuinamishwa. Kwa anayetenda la aibu yapo kujidhili na kujivunjia heshima. Kiingereza kinayaweka haya yote katika mfuko mmoja; Kiswahili kimeyapanga, nasi tusiyachanganye tena.

Zaidi ya hayo, mhubiri aangalie anasema na nani. Wito wa kuinama ni wito halali wa Injili, lakini katika Maandiko unaelekezwa kwa aliye na mahali pa kushukia. Mume aliye juu na ainame. Mwajiri na ainame. Mchungaji na ainame, tena kabla ya washarika wake. Lakini aliyekwisha kupindana asiambiwe kwamba mgongo wake ndio utakatifu wake. Kwake Injili ina neno jingine, nalo ni inuka.

Hitimisho

Baada ya majuma mawili tulirudi katika usharika ule pamoja na mwanafunzi wetu. Tuliketi na yule mama na wazee wawili wa kanisa, tukasoma Luka 13 polepole. Mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyeeleza, naye alimwomba mama radhi kwa maneno yake ya awali. Mama hakusema mengi. Aliuliza tu kama Biblia inataja umri wa mwanamke yule siku aliponyoka. Tulimjibu kwamba Luka hakuandika umri wake. Aliandika ile miaka 18 tu. Akatikisa kichwa akasema, "Basi Bwana aliihesabu."

Wazee wakachukua jukumu la kuzungumza na mume wake. Shauri lile halikwisha kwa siku moja, wala si mahali hapa pa kulisimulia. Lakini siku ile, tulipomaliza kusoma, mwanafunzi aliinama kuokota fimbo ya mama iliyokuwa imeanguka chini, akampa kwa mikono miwili, na wote tukasimama kwa sala.